Nyasi Hazingoji Trekta

Zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame, na mpaka wa ukame huo hauko mbali na jiji kuu kama wakazi wengi wa jiji wanavyodhani. Msafiri anayeondoka Dagoretti, ambako mvua ya mwaka mzima hukaribia milimita 1,000, akapitia Karen na Kiserian hadi Kona Baridi, huwa ameingia katika kivuli cha mvua, yaani upande wa milima ambao mawingu huufikia yakiwa yamekwisha kumwaga maji yake kwingine, na akiteremka hadi Magadi atakuwa mahali pasipopata hata nusu ya mvua ya Dagoretti. Upande wa kusini na mashariki mambo ni yayo hayo: baada ya Ongata Rongai na Kitengela, kuelekea Isinya, Kajiado na nyika za Machakos, mashamba ya mboga na migomba hutoweka, na nchi inayobaki ni nchi ya nyasi, au iliyokuwa ya nyasi. Huko ndiko familia nyingi za Lavington, Kileleshwa, Kangemi, Uthiru na Kawangware zilikonunua ekari moja, tano au kumi, nyingine kwa akiba ya chama na nyingine kwa mkopo, baada ya ranchi za jumuiya zilizoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968 kugawanywa kwa wanachama na wanachama nao kuanza kuuza sehemu zao.

Sehemu kubwa ya ardhi hiyo iliyonunuliwa imekaa tu ikingoja bei ipande au nyumba ijengwe, na katika kungoja huko imekuwa tupu, nyekundu au nyeupe, ikipeperushwa na upepo wa Februari na kuchongwa na maji ya Aprili. Mwenye ardhi akiulizwa kwa nini haipandi nyasi, jibu la kawaida ni kwamba hana trekta, na kukodi trekta ya kulima ekari tatu tu ni gharama isiyorudi. Hoja ya makala haya ni kwamba jibu hilo si sahihi: nyasi za nchi kame zinaweza kurudishwa kwa jembe, panga na kilo chache za mbegu, kazi inayotaka hasa mambo mawili ambayo hayauzwi dukani, nayo ni kupanda kwa wakati na kuiacha ardhi ipumzike, na serikali iliyojitolea kuhesabu miti inapaswa kuanza kuhesabu nyasi pia.

Kwanza ni lazima ieleweke kwa nini ardhi iliyokwisha kuwa tupu haijiponyi yenyewe kila mara. Nyasi za nchi kame ni za namna mbili. Kuna nyasi za msimu, ambazo huota mvua inaponyesha, hutoa mbegu upesi na kufa, na kuna nyasi za kudumu, ambazo shina lake huishi chini ya ardhi kiangazi chote na kuchipua tena mvua inaporudi. Hizi za kudumu ndizo zinazoshika udongo na kulisha mifugo wakati wa shida, na ndizo zinazokwisha kwanza pale mifugo inapozila mfululizo bila kuzipa nafasi ya kujenga mizizi. Zikishatoweka, matone ya mvua huipiga ardhi isiyo na kifuniko, huvunja madonge ya udongo kuwa vumbi laini, na vumbi hilo huziba vitundu vya juu. Jua likiwaka, tabaka hilo hukauka likawa ganda. Mvua inayofuata haizami, hutiririka juu ya ganda ikibeba mbegu chache zilizobaki, na ndiyo maana kiwanja kilichozungushiwa seng'enge kwa miaka mitano bila hata mbuzi mmoja kuingia kinaweza kubaki tupu kama kilivyokuwa siku ya kununuliwa.

Kutokana na hayo, uamuzi wa kwanza wa mwenye ardhi hauhusu mbegu wala jembe. Anapaswa kutembea shambani mwake baada ya mvua na kutazama chini. Akikuta mashina hai ya nyasi za kudumu kila baada ya hatua chache, hata yawe yameliwa hadi kwenye udongo, ardhi hiyo haihitaji kupandwa. Inahitaji kupumzishwa misimu miwili ya mvua, na kutumia fedha kununua mbegu itakuwa hasara. Akitembea sana bila kukuta shina hata moja, au akikuta magugu ya msimu tu, hapo ndipo mbegu inapohitajika. Watu wengi hukosea kwa kukimbilia mbegu pale pumziko lingetosha, na wengine hukosea kwa kungoja pumziko lifanye kazi mahali pasipo na shina la kuchipua.

Ujuzi huu si mpya, wala haukuletwa jana. Mwaka 1967 Wizara ya Kilimo ilichapisha jijini Nairobi kitabu kidogo cha A. V. Bogdan na D. J. Pratt kuhusu kupanda upya nyasi katika ardhi ya wafugaji iliyochakaa, na mambo ya msingi yaliyomo, kuanzia aina za nyasi za kienyeji hadi haja ya kuvunja ganda na kuzuia mifugo, ndiyo yanayofundishwa hadi leo. Swali zito zaidi ni kwa nini ujuzi uliokuwepo kwa zaidi ya nusu karne haujafunika nchi kwa nyasi, na sehemu ya jibu iko katika historia ambayo Nairobi yenyewe inaikumbuka kwa jina la barabara.

Barabara ya Muindi Mbingu, inayopita kando ya Soko la Jiji, imepewa jina la mtu aliyewaongoza Wakamba mwaka 1938 kupinga agizo la serikali ya kikoloni la kupunguza ng'ombe. Serikali iliamini kwamba nyasi za Machakos zilikuwa zimekwisha kwa sababu ng'ombe walikuwa wengi mno, ikaanza kuwachukua kwa nguvu na kuwauza mnadani kwa bei duni, wakati kampuni ya Liebig ilipokuwa ikifungua kiwanda chake cha nyama huko Athi River. Maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake pamoja na watoto wao, walitembea hadi Nairobi na kupiga kambi Kariokor kwa wiki kadhaa wakidai kuonana na gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini unyang'anyi wa ng'ombe ulisitishwa. Mmomonyoko uliokuwa ukitajwa na serikali ulikuwa wa kweli. Kosa lilikuwa kumfanya mfugaji kuwa adui wa ardhi yake mwenyewe na kudhani kwamba nyasi zinaweza kurudishwa kwa amri. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kila ofisa aliyefika kijijini akizungumzia uzio na mapumziko ya malisho alisikilizwa kwa wasiwasi, na wasiwasi huo ulikuwa na haki yake.

Kilichofuata Machakos kinastahili kutafakariwa na kila mwenye ekari chache na jembe moja. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 1994, walionyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano na hata hivyo mmomonyoko ulipungua, kwa sababu familia zenyewe, na hasa vikundi vya wanawake vya kusaidiana, zilichimba kwa majembe matuta ya fanya juu, yaani yale ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu wa mteremko, zikapanda nyasi na miti kwenye kingo zake, na zikaanza kutunza malisho yao. Wilaya ambayo wataalamu wa kikoloni waliiandika kama iliyokwisha kuharibika haikuokolewa na mashine. Iliokolewa na watu waliokuwa na hakika kwamba ardhi ni yao na kwamba ng'ombe hawatachukuliwa tena.

Baringo nako kuna somo, na ni somo chungu. Katika miaka ya 1980 mti wa mathenge, unaoitwa kitaalamu Prosopis juliflora, ulipandwa huko kwa nia njema ya kufunika ardhi tupu na kuwapa watu kuni. Ukaenea wenyewe, ukavamia malisho na kingo za maji, hata mwaka 2006 wakazi wakaishtaki serikali kwa madhara uliyowaletea wao na mifugo yao. Katika bonde hilo hilo, tangu mwaka 1982, shirika la RAE lililoanzishwa na Murray Roberts na Elizabeth Meyerhoff limekuwa likifanya kazi pamoja na jamii za huko kuzungushia uzio ardhi iliyochakaa, kuilima kwa mistari ya kuzuia maji na kupanda nyasi za kienyeji, na mashamba hayo yamewapa wenyeji malisho ya kiangazi, majani ya kuezekea, mbegu za kuuza na ng'ombe walionona. Haifai kusema kwamba miti ni mibaya. Inafaa kusema kwamba nchi ambayo kwa asili yake ni nyika ya nyasi haiponywi kwa kugeuzwa msitu.

Hapa ndipo sera ya sasa inapohitaji marekebisho. Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili kila mtu akapande miche. Ni jambo jema, na kizazi kilichomwona Wangari Maathai akianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kuitetea Uhuru Park mwaka 1989 kinajua thamani yake. Hata hivyo mche uliochomekwa Isinya katikati ya ardhi tupu, bila nyasi za kuzamisha maji karibu nao, mara nyingi hufa kabla ya masika ya pili, na ukifa huwa umekwisha kuhesabiwa. Nyasi hazina mtu wa kuzihesabu. Hakuna kiongozi anayepigwa picha akimwaga mbegu nyepesi kama vumbi katika mfereji wenye kina cha kidole, ingawa ekari moja iliyofunikwa nyasi za kudumu hushika udongo na maji kwa namna ambayo miche michache iliyotapakaa haiwezi.

Wakazi wa magharibi mwa Nairobi wana bahati ambayo wengi wao hawaitambui, maana karibu kila taasisi inayohusika na jambo hili iko mtaani kwao. Makao makuu ya KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, yako Loresho. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha elimu ya nyanda za malisho Kabete ya juu, na katika kituo chake cha Kibwezi ndiko majaribio mengi ya kupanda nyasi katika nchi kame yalikofanyika. Taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, iko Uthiru. Benki ya mbegu ya taifa, inayohifadhi mbegu za mimea ya Kenya pamoja na nyasi za malisho, iko Muguga, mwendo mfupi kwa matatu. KEPHIS, inayokagua ubora wa mbegu, iko Karen, na Idara ya Hali ya Hewa iko Dagoretti Corner. Mtu anayeishi Kangemi anaweza kufika kwenye milango hii yote, ukiacha Kibwezi, kwa siku moja. Hata hivyo, akiuliza kwenye maduka ya pembejeo ya katikati ya jiji, mbegu ya nyasi anayopewa kwa kawaida ni boma rhodes, inayofaa nchi yenye mvua ya kutosha, au anaelekezwa kwenye vitalu vya Barabara ya Ngong akanunue vipande vya nyasi ya kikuyu, ambayo hupendeza kwenye bustani ya Lavington na kufa kwenye kiwanja cha Kajiado bila mpira wa kumwagilia.

Nyasi zinazofaa nchi kame ni nyingine, na majina yake yanajulikana zaidi Ukambani kuliko jijini. Ya kwanza ni ndata kivumbu, au Cenchrus ciliaris, yenye kichwa cha manyoya kinachofanana na mkia wa mbweha, mizizi mirefu na ustahimilivu mkubwa wa jua. Ya pili ni mbeetua, au Eragrostis superba, ambayo wafugaji wengi huipenda kwa kunenepesha ng'ombe. Ya tatu ni nguu, au Enteropogon macrostachyus, inayoota upesi kuliko wenzake na hivyo kufunika ardhi mapema. Ya nne, kilili, au Chloris roxburghiana, ni tamu kwa mifugo lakini ni ngumu kuiotesha, na mtu anayeanza afadhali aiache. Busara ni kuchanganya aina mbili au tatu, kwa kuwa nguu italinda udongo msimu wa kwanza wakati ndata kivumbu bado inashuka chini kwa mizizi. Udongo nao una neno lake: kwenye ardhi nyekundu yenye mchanga nyasi hizi hustawi, lakini kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa nyika za Athi, unaopasuka nyufa kiangazi na kutuamisha maji wakati wa mvua, ndata kivumbu huoza miguu, na hapo kuzipumzisha nyasi za asili zilizosalia ni njia bora kuliko kupanda.

Mbegu inunuliwe kwa uangalifu mkubwa kuliko kitu kingine chochote, maana ndiyo gharama pekee isiyokwepeka na ndipo watu wengi wanapodanganywa. Kituo cha KALRO cha Kiboko, kwenye Barabara ya Mombasa umbali wa kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, huzalisha mbegu hizi, na vikundi vya wakulima wa Makueni na Kitui huziuza pia. Gunia la ndata kivumbu likifunguliwa, kinachoonekana ni manyoya tu. Mnunuzi achukue kimoja cha vifurushi hivyo vya manyoya, akisugue kwa kidole gumba juu ya kiganja hadi nywele zitoke, kisha apulize. Kikibaki kipunje kidogo cha kahawia, kigumu chini ya ukucha, hiyo ni mbegu, na kisipobaki kitu, alichokuwa akipimiwa kwenye mizani ni makapi. Afanye hivyo kwa vifurushi vingi kutoka chini ya gunia na si juu tu. Baadaye nyumbani ahesabu mbegu 100, azifunge katika kitambaa chenye unyevu, aziweke mahali penye joto na kuzikagua baada ya siku 10 hadi 14. Zikiota 60 mambo ni mazuri. Zikiota 20, atahitaji mara tatu ya kiasi hicho cha mbegu ili apate miche ile ile, na bei aliyolipa si bei aliyoidhania. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi ni kwamba mbegu mpya ya nyasi hizi hulala, yaani haioti hata ikipata maji, kwa miezi kadhaa baada ya kuvunwa, na kwa hiyo mbegu ya msimu uliopita iliyotunzwa mahali pakavu ni bora kuliko iliyovunwa juzi.

Kiasi kinachotumika katika majaribio mengi ya Kenya ni kilo 5 kwa hekta, sawa na kilo 2 kwa ekari. Hesabu ifuatayo inaonyesha jinsi kazi yenyewe ilivyo ndogo. Ekari moja ikiwa na umbo la mraba, kila upande una mita 64 hivi. Si lazima ardhi yote ilimwe. Inatosha kuchora mistari yenye umbali wa mita 2 kati yake, ambayo itakuwa 32, na ikiunganishwa pamoja urefu wake ni kama kilomita 2. Kilo 2 za mbegu katika mita 2,000 ni gramu moja kwa kila mita, kiasi kinachoshikika kwa ncha za vidole vitatu. Watu wawili au watatu wenye majembe wanaweza kuchora mistari hiyo katika siku chache, na mwenye jirani mwenye maksai na plau ataimaliza mapema zaidi.

Mistari hiyo haichorwi ovyo. Ni lazima ifuate kontua, yaani kila mstari upite mahali penye kimo kimoja, ukikata mteremko badala ya kushuka nao, ili maji yasimame ndani yake. Kifaa cha kupimia hutengenezwa kwa miti mitatu iliyofungwa pamoja kwa umbo la herufi A, na uzi wenye jiwe unaoning'inia kutoka juu: miguu miwili ikiwa katika kimo kimoja, uzi hugusa alama ya katikati ya mti wa kukingama. Mtu mmoja huzungusha kifaa hicho hatua kwa hatua kuvuka shamba, mwingine humfuata akichomeka vijiti, na wa tatu hupitia vijiti hivyo kwa jembe, akivunja ganda na kutupa udongo upande wa chini. Pale mteremko ulipo mkali au ardhi imekuwa ngumu kama sakafu, mistari haitoshi, na hapo matuta ya nusu mwezi hufaa zaidi. Huko Kuku, kusini mwa Kajiado, Wamasai wakishirikiana na shirika la Justdiggit wamechimba kwa mikono maelfu ya mashimo ya namna hiyo, yenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 2.5 hivi, mdomo ukielekea juu ili kukamata maji, na mbegu hupandwa ndani.

Mbegu huchanganywa na mchanga mkavu au samadi iliyochekechwa ili isipeperuke na igawike sawasawa, ikanyunyizwa ndani ya mstari, kisha ikafunikwa kidogo sana. Hapa jembe huharibu badala ya kusaidia, kwa sababu mbegu ndogo kiasi hicho ikizikwa kwa kina kinachozidi sentimita mbili haina akiba ya kuifikisha juu. Tawi la miiba likikokotwa juu ya mstari mara moja linatosha. Matawi hayo hayo yakiachwa yametandazwa juu ya mistari hukinga miche michanga dhidi ya jua, huzuia kanga na njiwa wasizichokoe mbegu, na huwafanya mbuzi wa jirani wasite. Katika kazi hii yote hakuna chombo kisichopatikana katika duka la vifaa la Kawangware au kwenye kichaka cha shambani.

Wakati wa kupanda ndio unaoamua kila kitu. Mbegu inatakiwa iwe ardhini kabla ya mvua ya kwanza, kwa kuwa katika nchi hii kipindi cha unyevu ni kifupi, na mtu anayesubiri mvua inyeshe ndipo atafute watu wa kuchimba huwa ameipoteza nusu ya msimu. Ukambani na mashariki mwa Kajiado, mvua za vuli za Oktoba hadi Desemba huaminika zaidi kuliko masika. Msimu wa kwanza mifugo isiingie kabisa. Ng'ombe anayekula mche mchanga wa nyasi huung'oa na mizizi. Magugu marefu yakatwe, nyasi ziachwe zikomae na kumwaga mbegu, na baada ya hapo zifyekwe na kukaushwa. Seremala yeyote anaweza kutengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako, ambalo nyasi kavu hukanyagiwa ndani na kufungwa kwa kamba zikawa robota ya kilo 15 hivi, na mwenye ekari tatu hahitaji mashine nyingine ya kufunga.

Kuna pingamizi la haki kwamba mvua inaweza kukosa na mbegu yote ikapotea. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano mfululizo ilishindwa, zaidi ya mifugo milioni 2.5 ilikufa nchini, na wafugaji wakaleta ng'ombe wao waliokonda hadi kando za barabara za Lang'ata na Karen kutafuta majani. Jibu ni kutoipanda ardhi yote kwa mkupuo mmoja. Mwenye ekari sita apande mbili kila mwaka, akianzia mahali maji yanapojikusanya yenyewe, na kuanzia mwaka wa pili avune mbegu yake mwenyewe kwa mkono; shamba la kwanza likishika, gharama ya mashamba yanayofuata hushuka sana.

Pingamizi zito zaidi ni la uzio, na halipaswi kupuuzwa na mtu wa jiji. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina uzio upande wa kusini ili wanyama waweze kutoka kuelekea nyika za Athi na Kaputiei, na seng'enge za viwanja vilivyonunuliwa na wakazi wa jiji ni miongoni mwa sababu zilizofanya nyumbu wa nyika hizo wapungue kutoka zaidi ya 20,000 katika miaka ya 1970 hadi maelfu machache. Tangu mwaka 2000 ulikuwepo mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili waiache wazi. Kwa hiyo anayepanda nyasi katika njia ya wanyama atumie ua wa miiba wa muda, auondoe nyasi zikishashika, na afanye makubaliano na jirani Mmasai kuhusu malisho ya kiangazi. Wamasai wana desturi ya olopololi, eneo la malisho linalotengwa kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu, na mwenye ardhi mgeni atapata kwa jirani huyo mlinzi na mwalimu bora kuliko seng'enge yoyote.

Kwa wanaodhani kwamba kazi ya ekari chache haiwezi kubadili nchi, Shinyanga ya Tanzania ina ushahidi. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kuhifadhi kipande cha malisho wakati wa mvua ili kitumike kiangazi, na desturi hiyo ilikuwa imedidimia hata mwaka 1986, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ulipoanza, ngitili zilizobaki zilikuwa hekta 600 hivi. Mradi haukuleta matrekta. Uliwarudishia watu haki ya kutenga na kulinda vipande vyao, vidogo vya familia na vikubwa vya vijiji, na ndani ya miaka isiyofika 20 ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000.

Kenya inaweza kufanya kadiri hiyo, ila serikali itimize sehemu yake. Wizara ya Kilimo iliyoko Kilimo House, pamoja na serikali za kaunti za Kajiado, Machakos na Makueni, zinapaswa kuweka ekari za nyasi katika hesabu ya mpango wa miti bilioni 15, na KALRO ipewe fedha za kuzalisha mbegu za ndata kivumbu, mbeetua na nguu kwa wingi na kuziuza Loresho kwa pakiti za kilo moja na mbili zenye muhuri wa KEPHIS, ili mnunuzi mdogo asilazimike kwenda Kiboko au kubahatisha gunia la makapi. Mwenye ardhi naye asingoje hayo yote yatimie. Mbegu aiagize Agosti, utabiri wa mvua za vuli auulizie Dagoretti Corner mwanzoni mwa Septemba huku akijaribu uotaji wa mbegu yake nyumbani, na mistari iwe imechorwa na kupandwa kabla ya wiki ya pili ya Oktoba.